Sifongo Nyeusi ya Mwanyumba

Jumamosi, 1 Agosti

Leo nimenunua tangi la samaki. La kioo, lenye taa, pampu ya hewa na chujio. Nimelibeba mwenyewe kutoka dukani hadi nyumbani. Mgongo unaniuma, lakini roho kwatu. Ndani yake kuna samaki wanane wa rangi ya dhahabu. Wanane! Mwanyumba ana sita tu.

Mwanyumba ni mume wa dada yake mke wangu. Fundi baiskeli. Kucha zake zimejaa grisi tangu siku niliyomfahamu, na mashati yake nimeyafua kwa miaka, najua ninachosema. Kwake ndiko wanakoishi mke wangu na binti yetu sasa, wiki ya tano hii. Binti humwita baba mkubwa, kama inavyostahili. Mkubwa kwa lipi, sijui.

Mke wangu aliondoka kwa sababu ya mtandio. Mtandio wa marehemu mama yake, alioufungia kabatini miaka saba bila kuufua hata mara moja. Miaka saba! Mimi ni dobi. Dobi gani ataweza kulala chumba kimoja na kitu kama hicho? Siku yake ya kuzaliwa nikautoa kimyakimya, nikaufua, nikautia buluu, nikaupiga pasi, nikaukunja vizuri na kuuweka juu ya mto wake. Ulitoka mpya kabisa. Akauweka puani, akaugeuza, akaunusa tena. Jioni ile ile akafunga virago. Mpaka leo sijaambiwa kosa langu lilikuwa nini.

Jana alinipigia simu. Shule zinafungwa na mtoto atakuwa huru kuanzia tarehe kumi na tano, na ataamua mwenyewe likizo aipitishie wapi, kwangu au kwa mwanyumba. Kasema yeye hatamshawishi, na mimi nisimshawishi. Nikasema sawa. Leo asubuhi nikaenda kununua tangi.

Maana najua kinachomshika mtoto kule. Ni tangi la mwanyumba. Akitoka shule anakaa mbele yake mpaka aitwe kula.

Dada wa duka la samaki alitaka kuniharibia mpango. Kasema leo nisichukue samaki. Nijaze maji, niwashe chujio, ningoje kama mwezi hivi, au basi nianze na wawili. Eti maji mapya hayajakomaa. Eti kinyesi cha samaki hugeuka sumu, na kuna vijidudu vizuri vya kuila hiyo sumu, navyo huishi ndani ya sifongo ya chujio na huchukua muda kuzaliana. Vijidudu vizuri! Nimemwambia nafanya kazi na maji mwaka wa ishirini na mbili sasa, na vijidudu ndio maadui wangu wa kazi. Kanitazama. Kanipa chupa ya matone ya kuondoa dawa ya maji ya bomba, kafunga mfuko. Wanane.

Jumapili, 2 Agosti

Wamekuja! Mke wangu na binti, saa kumi. Mke wangu hakuketi. Nilimpa maji akayanywa amesimama, akaacha glasi dirishani kama mgeni. Na stuli nilikuwa nimeifuta mara tatu.

Binti alipiga magoti mbele ya tangi, hakuinuka tena. Ana miaka minane na hacheki ovyo, hilo kalitoa kwa mama yake, lakini leo kacheka. Kawapa wote majina, mtoto wa dobi huyu: Kola, Zipu, Soksi, Mfuko, Lastiki, Pindo, Mkanda, na yule mdogo mwenye doa jeusi kando ya jicho akamwita Kifungo. Huyo ndiye kipenzi chake. Kaniambia niwape chakula kidogo tu, cha kubana kwa vidole viwili, mara moja kwa siku. Baba mkubwa hufanya hivyo. Nikamwambia baba mkubwa ana mkono wa birika.

Mlangoni nikamuuliza mke wangu anaonaje. Kasema ni wazuri. Kisha akasema, "Mradi mtoto akija tarehe kumi na tano awakute hai. Hilo tu." Alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka. Walipoondoka nikawapa samaki chakula kiganja kizima. Hapa kwangu hakuna atakayelala njaa.

Jumanne, 4 Agosti

Maji yamegeuka! Yamekuwa meupe, mazito kama ndoo ya wanga. Na harufu juu. Samaki wote wako juu, midomo nje, wanahema kama watu waliopanda ngazi.

Nimefunga duka mapema. Nimemwaga maji yote. Kokoto nimezisugua moja moja kwa brashi ya kola. Kioo nimekisugua kwa siki. Nikafungua chujio, na ile sifongo ilishaanza utelezi wa kahawia. Siku tatu tu! Nimeichemsha. Maji mapya, matone, samaki ndani.

Sasa yanang'aa mpaka huyaoni. Nimekaa mbele yake nusu saa nikijipongeza. Mwanyumba hajawahi kuwa na maji kama haya maisha yake yote. Chakula nimewaongezea, kuwapa pole.

Jumatano, 5 Agosti

Lastiki amekufa. Mfuko pia. Nimewakuta asubuhi wanaelea tumbo juu, kabla hata sijapiga mswaki.

Nimepiga moyo konde, nikarudi dukani kutafuta wanaofanana nao. Nilichukua na maji ya tangi kwenye chupa, ili yule dada aone yalivyo safi. Kayatia matone ya kupimia, yakageuka kijani kibichi. Kasema hiyo ni sumu, macho hayaioni. Kauliza kama niliosha sifongo. Nikamwambia, tena kwa kifua mbele, nimeichemsha. Kaweka mkono kwenye paji la uso. Kasema sifongo haioshwi kwa maji ya bomba, hukamuliwa taratibu ndani ya maji yale yale yaliyotoka tangini, tena mara moja moja.

Yaani nisuuze kitu kwa maji machafu. Ningefua mashati ya watu hivyo, ningekuwa na mteja hata mmoja?

Nimerudi na samaki wawili. Mfuko huyu mpya hana baka jeupe mgongoni kama yule wa kwanza, lakini mtoto wa miaka minane ataona nini.

Ijumaa, 7 Agosti

Pindo amekufa. Nimeamua kwenda kupeleleza.

Mpango ulikuwa safi. Nilitoa upepo kwenye tairi la baiskeli yangu mwenyewe, nikaikokota mpaka kwa mwanyumba. Karakana yake iko ubavuni mwa nyumba, na ukikaa kwenye benchi la wateja unaona sebule yote kupitia mlangoni.

Nimeliona tangi lake. Aibu! Kioo kina ukungu wa kijani pande tatu. Majani yameota ovyo. Chini takataka. Sifongo ya chujio nyeusi tii, kama kitambaa cha kushikia sufuria. Na samaki sita wanene wanazunguka taratibu kama wastaafu. Mmoja ana miaka minne. Nikawahesabu mara mbili.

Mwanyumba akajaza upepo, akaweka sikio kwenye tairi, akaniambia halina tundu. Nikajifanya hamnazo. Halafu, bila kunitazama, akasema amesikia nimeanza kufuga. Akasema anaweza kukata kipande cha sifongo yake anipe. Nikikiweka kwenye chujio langu, maji yatatulia ndani ya siku chache, wala sitahitaji kungoja mwezi. Nikamshukuru, nikasema kwangu hakuna shida yoyote. Nichukue uchafu wa mtu mwingine niupeleke nyumbani kwangu!

Wakati naondoka nikamwona mke wangu uani anaanika nguo. Shati la shule la binti kalining'iniza kwa mabega. Shati halianikwi kwa mabega, linavutika, hubanwa kwenye pindo la chini. Kaishi na dobi miaka kumi, anajua. Nilitaka kumwita nimwambie. Hakugeuka, na mimi nikapanda baiskeli.

Jumapili, 9 Agosti

Binti kaja. Mama yake kabaki barabarani, eti anaongea na simu. Niliichungulia dirishani ile simu, ilikuwa mkobani.

Binti kabeba kopo la kioo kwa mikono miwili. Ndani maji ya kijani na kipande cha sifongo nyeusi. Kumbe kamwomba baba mkubwa mwenyewe, akatembea na kopo njia nzima bila kumwaga tone. Kaniambia ni dawa, imejaa vijidudu vya kula sumu, ikae ndani ya chujio karibu na ile yangu. Kisha akasema, "Baba, hii usiioshe." Nikasema sawa. Akarudia. Nikasema nimesikia, mama. Akanishika kidole, akanitazama machoni.

"Hata kidogo, baba."

Akaiweka mwenyewe. Halafu akahesabu samaki. Wanane, maana Pindo naye nilishamnunua tena. Akawatazama mmoja mmoja, akasema huyu si Mfuko. Nikasema ni Mfuko, amekua. Akasema Mfuko alikuwa na baka jeupe mgongoni. Nikasema limetoka. Ndiyo, nimesema hivyo, baka limetoka, na mimi ndiye dobi. Hakubisha. Aliegemeza paji la uso kwenye kioo akamtafuta Kifungo, na alipomwona akashusha pumzi. Nadhani hakushuku chochote.

Jumatatu, 10 Agosti

Siku mbaya. Kazini nimeunguza kola ya mteja, jambo ambalo sijalifanya tangu nikiwa mwanagenzi. Akili haikuwa kwenye pasi. Ilikuwa nyumbani, ndani ya chujio, kwenye kile kitu cheusi.

Nimejikaza kisabuni asubuhi nzima. Mchana nikaenda nyumbani kuitazama tu. Maji, ni kweli, yalikuwa yametulia, na samaki walikuwa wameshuka kutoka juu, wanatembea vizuri. Lakini sifongo ilikuwa pale pale. Nikarudi kazini. Saa kumi nikawa nyumbani tena.

Nikajiambia niisuuze tu. Mtoto alikataza kuiosha, na kuosha kuna sabuni. Beseni la kwanza maji yakatoka meusi. La pili, kahawia. La tatu nikatia sabuni kidogo, kwa kuwa nilishafika pale. La nne, matone mawili ya dawa ya weupe. Halafu nikaichemsha kuitoa ile dawa. Ikatoka nyeupe kama kola ya bwana harusi! Sikujua kama asili yake ni nyeupe. Nadhani hata mwanyumba mwenyewe hajui.

Nimeirudisha kwenye chujio. Nimekunywa chai mbele ya tangi, na kwa mara ya kwanza tangu waondoke moyo wangu umetulia. Mtoto hatajua.

Jumanne, 11 Agosti

Samaki wamepanda juu tena. Midomo nje. Nawaambia watulie, maji ni safi. Kola kalala ubavu, anapepesa pezi moja. Nimempa chakula cha ziada.

Nimetandika kitanda cha binti. Mashuka mapya, nimeyapiga pasi mara mbili. Nimeweka mto wake upande wa ukutani, anavyopenda.

Jumatano, 12 Agosti

Kola. Zipu. Soksi. Na yule Mfuko wa pili. Wote wamekufa kibudu ndani ya siku moja na nusu.

Siyo sifongo. Nimefikiri sana, na siyo sifongo. Nadhani ni taa.

Dukani yule dada kakataa kuniuzia. Kasema wazi sipati samaki hata mmoja mpaka maji yakomae, yeye anauza samaki, hauzi mazishi. Nikatoka. Nikaenda dukani kwangu, nikavaa suti ya kijivu ya mteja ambaye haji kuichukua mpaka Ijumaa, na miwani ya jua, nikarudi kwa hatua za mtu mwenye cheo. Nikaagiza kwa sauti nzito. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha kauliza kama mwenye suti ana habari. Kile kikaratasi cha namba ya mteja kilikuwa bado kimebanwa kwenye mkono wa koti.

Lakini hakunicheka, na afadhali angenicheka. Alinifuata mpaka mlangoni, akaniambia kwa upole nibadilishe robo ya maji tu kila siku, nisiwape chakula kwa siku mbili, nisiguse sifongo, na waliobaki huenda wakapona. Nikasema nitafanya hivyo.

Nimebadilisha maji yote. Robo hata haionekani.

Ijumaa, 14 Agosti

Amebaki Kifungo.

Jana walikwenda Mkanda na Lastiki, leo asubuhi Pindo. Nimewazika kwenye debe la ua lililo mlangoni pa duka langu, walipolala wenzao. Ua limestawi kuliko wakati wowote. Hilo nalo limeniuma.

Humu sitadanganya, daftari hili halisomwi na mtu. Nimelia. Siyo kwa ajili ya samaki. Niliingia chumbani kwa binti nikayaona yale mashuka, yamenyooka vile vile nilivyoyaacha, na nikaona yatakaa hivyo. Hakuna mtu wa kuyakunjakunja.

Saa tisa nikapata wazo. Kuna shati la rangi ya machungwa ambalo mwenyewe hajalifuata kwa miaka miwili. Nikalikata samaki saba. Nikawashona, nikawatia kokoto tumboni, nikawawekea vifungo vya macho, nikawaning'iniza kwa uzi kutoka kwenye kifuniko cha tangi. Pampu ikawatikisa. Ukisimama mbali ukafinya macho, hai kabisa! Mkanda katoka vizuri kuliko alivyokuwa.

Nikaenda kuoga. Niliporudi, maji yote yalikuwa ya machungwa. Shati limechuja! Miaka ishirini na miwili natenga nguo za rangi na nyeupe, ndilo jambo la kwanza nililofundishwa kazini, na leo sikulijaribu hata kwa kitambaa chenye maji. Kifungo alikuwa pembeni, hatembei, anahema. Nikawatoa wale wa shati, nikamwaga maji yote tena.

Jumamosi, 15 Agosti

Wamefika saa nne. Mke wangu alikuwa na mkoba wa nguo za mtoto. Nataka hilo liandikwe. Alikuja na mkoba, maana yake alikuwa tayari kumwacha kwangu.

Binti kaenda moja kwa moja kwenye tangi. Akahesabu, akaishia mmoja. Nikaanza kueleza habari za taa, na kwamba siku hizi samaki wa dukani hawana afya. Hakunisikiliza. Alifungua chujio mwenyewe, akatoa kile kipande, akakiweka kiganjani. Kilikuwa cheupe pe. Akakinusa.

"Uliiosha," akasema.

Nikasema kidogo tu.

Alikaa anakitazama. Nilitamani alie, mtoto akilia unajua la kufanya. Halafu akasema, "Mtandio wa bibi ulikuwa na harufu ya bibi. Mama alikuwa ananipa niunuse nikikosa usingizi." Hakusema kwa hasira. Alisema taratibu, kama ananifundisha hesabu. Mke wangu akageukia dirishani.

Nikauliza marehemu alikuwa anatumia sabuni gani, naweza kuitafuta.

Binti akachukua lile kopo lake rafuni, nilishalisugua, akalijaza maji, akamchota Kifungo kwa kikombe. Akasema likizo ataipitishia kwa baba mkubwa, kwa sababu Kifungo anahitaji mtu wa kumwangalia. Mke wangu akaokota mkoba ule ule. Mlangoni akasimama, nikadhani atanipa maneno yangu. Akaninyooshea kola ya shati, ilikuwa imejikunja upande mmoja, akaondoka.

Jumatatu, 17 Agosti

Tangi lipo, halina kitu. Taa nimeiacha ikiwaka. Pampu nayo, kwa ajili ya sauti. Nyumba bila sauti ile haikaliki.

Wateja wananiuliza kama naumwa. Nawaambia mafua.

Jioni nimelisugua tangi ndani na nje. Sijui kwa nini. Limetakata.

Jumatano, 19 Agosti

Nimekwenda kwa mwanyumba. Safari hii sikutoa upepo kwenye tairi, nimeenda tu.

Kifungo mzima! Ana siku nne mle ndani na tayari ana kitambi. Anadonoa ule ukungu wa kijani kwenye kioo, ndio chakula chake. Binti kanionyesha jani analojificha. Tulikaa sakafuni bega kwa bega karibu saa nzima, na sikusema neno lolote kuhusu kioo. Nadhani aliona. Aliniegemea.

Na kuna habari. Shangazi wa mke wangu na dada yake anaumwa huko mbali. Wanakwenda wote kumwona, wanaondoka Ijumaa alfajiri, wanarudi Jumapili. Samaki nani atawalisha? Mwanyumba akasema atamwomba jirani. Ndipo binti akasema, "Apewe baba ufunguo."

Shemeji, dada yake mke wangu, akakohoa. Mwanyumba akatazama kucha zake. Mke wangu akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi usoni, kitu ambacho alikuwa hajakifanya tangu siku ya mtandio. Akasema apewe.

Binti kaniandikia karatasi kwa penseli. Chakula kidogo. Mara moja kwa siku. Usiguse kitu kingine. Akanisomesha kwa sauti, mara mbili, mbele ya watu wote. Nikaapa. Mwanyumba akanikabidhi ufunguo, akachelewa kidogo kuuachia.

Mke wangu akanisindikiza mpaka kwenye baiskeli. Akasema, "Jumapili tukirudi, ubaki ule na sisi. Tuzungumze." Tuzungumze! Nimeendesha mpaka nyumbani sioni njia. Nikifanya hili moja sawasawa, watarudi. Najua watarudi.

Jumamosi, 22 Agosti

Naandika haya nikiwa jikoni kwa mwanyumba.

Jana nilikuja, nikatoa chakula cha vidole viwili, nikafunga mlango, nikaondoka. Sikugusa kitu. Jioni binti akapiga simu, nikamwambia ukweli mtupu. Akasema, "Asante, baba." Karatasi yake ninayo mfukoni, nimeifunga kwenye nailoni isichafuke.

Leo vilevile. Vidole viwili. Nilishashika kitasa cha mlango. Kisha nikageuka kumuaga Kifungo, na sikumwona. Yumo, lakini ule ukungu wa kijani umemficha. Nikawaza. Mtoto anatoka safari ndefu, kachoka, katoka kumwona mgonjwa, anakimbilia kwenye tangi, na hamwoni samaki wake. Baba gani ataacha jambo kama hilo? Na mke wangu anakuja tuzungumze. Mazungumzo makubwa hayafanywi mbele ya kioo kichafu. Nimerudi nyumbani mbio kuchukua vifaa.

Karatasi inasema nisiguse. Nimeisoma tena na tena, na sitagusa. Brashi yangu ina mpini mrefu, na sifongo nimeitoa kwa koleo. Vidole vyangu havijafika hata majini. Tena safari hii nimejifunza: hakuna dawa ya weupe, hakuna nguo ya rangi. Ni maji ya moto tu na sabuni ya watoto wachanga, ile isiyouma macho.

Mabeseni matatu yako tayari. Samaki nimewachota kwa kikombe nikawaweka kwenye ndoo yenye maji mapya ya bomba, wote saba, wametulia chini kabisa. Kifungo ananitazama. Sifongo ipo mezani juu ya gazeti, ile kubwa, ya miaka minne, nyeusi tii. Nina hamu ya kujua asili yake ni rangi gani.

Sufuria imeanza kuchemka. Kesho watashangaa sana.